Mzigo wa Mwenzio: Namna ya Kufungasha kwa Hija ya Miguu na Kambi ya Vijana



Mvua zikishakoma na njia za vijijini zikakauka, vijana wa parokia za bonde la Lukuledi, Masasi na uwanda wa Newala huanza kuulizia safari. Wapo wanaotaka hija ya miguu kwenda parokia ya jirani, wapo wanaotaka kambi ya siku tatu au nne yenye mafungo, michezo na kulala chini ya miembe. Viongozi huketi kikao, wakapanga padre wa kuwasindikiza, mada za mafundisho, chakula na michango. Jambo moja huachwa hadi asubuhi ya kuondoka, nalo ni mizigo. Ndipo uwanja wa kanisa hufurika tranka za bati, magodoro yaliyokunjwa, ndoo za plastiki na mifuko ya unga, na safari iliyotakiwa kuanza alfajiri huanza jua likiwa limekwisha kuwa kali.

Waamini wengi huona kwamba kufungasha ni shauri la kila mtu na begi lake. Sisi tunaona vinginevyo, na ndiyo sababu ya makala hii. Katika safari ya kikundi, kilo moja iliyozidi kwenye begi la mmoja huishia mabegani mwa mwingine. Aidha, karatasi ya mahitaji inayopelekwa majumbani ndiyo huamua ni nani atakayekuja na nani atakayebaki nyumbani akisingizia homa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kwa mbali huona wepesi. Anayejua uzito ni yule ambaye kanda limemkalia shingoni.

Bonde lililojua uzito

Njia tunazozipita leo zilikuwa njia za wapagazi kabla ya kuwa njia za magari. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiyao ilishuka kutoka pande za Ruvuma kwenda Kilwa na Lindi ikiwa na pembe za ndovu, na katika misafara hiyo walipelekwa pwani pia watu waliotekwa utumwani. Kunako mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana, ambaye kazi yake ya kutafsiri Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili inajulikana sana, aliliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kwa miguu kutoka Lindi hadi Masasi, na huko wakaanzisha makazi. Miaka 19 baadaye, yaani mwaka 1895, Wabenediktini Wamisionari wa Mtakatifu Otilia wakafungua misioni ya Lukuledi. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Vitabu vya Misa, misumari, dawa na vyombo vya altare vilifika huku vichwani na mabegani mwa watu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama zile ulikuwa karibu kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Asomaye na ajaribu kuinua ndoo ya maji ya lita 20, kisha aongeze nusu yake, kisha afikirie kutembea nayo tangu alfajiri hadi mchana, na kesho yake tena. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alizunguka Masasi na Newala kuchunguza maisha ya watu wa kusini. Alikuja na kamera ya kupigia filamu na mashine ya kunasa sauti kwa mitungi ya nta. Alipata picha na nyimbo ambazo hadi leo zina thamani kwa wanahistoria, lakini mashine zile hazikutembea zenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza habari hii ikawa msiba. Mwezi Oktoba 1917 majeshi yalipigana hapa hapa Lukuledi. Mwezi Novemba jenerali Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akiwa amebanwa kwenye uwanda wa Makonde, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi na sehemu kubwa ya watu wake ili wenye nguvu wavuke Ruvuma wakiwa wepesi. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote mbili katika vita hiyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kila anayekwenda kununua nguo pale hutaja, bila kujua, jeshi la watu waliobeba mizigo ya wengine.

Tunayakumbuka haya kwa kuwa wepesi una namna mbili. Jenerali yule alipata wepesi kwa kuwaacha watu. Kikundi cha Kikristo hutafuta wepesi kwa kuacha vitu ili pasiwe na mtu wa kuachwa. Leo hatuna wapagazi wa kuajiri, lakini tabia ya kumtafuta mpagazi bado tunayo. Katika vikundi vya vijana mpagazi huyo huwa ni mdogo kuliko wote, au mgeni aliyejiunga mwezi uliopita, au msichana anayepika, au katekista mwenye baiskeli. Hatangazwi, hujikuta tu amebeba sufuria.

Fimbo ya Mitume

Bwana wetu Yesu Kristo alipowatuma Thenashara, aliwapa maagizo ya mizigo kabla ya maagizo mengine mengi. Mwinjili Marko asimulia kwamba aliwakataza mkate, mkoba na fedha mshipini, pamoja na kanzu ya pili, akawaruhusu fimbo na viatu. Mathayo na Luka wao wasema hata fimbo wasichukue. Wafafanuzi wa Maandiko wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu fimbo hiyo, nasi hatutamaliza mjadala hapa, ila mtu yeyote aliyepanda mteremko wa Newala akiwa na fimbo ya mti mgumu atamwelewa Marko.

Maagizo yale yana sehemu mbili ambazo haifai kutenganishwa. Kwanza, walitumwa wawili wawili: aliyepunguziwa mkoba aliongezewa mwenzi. Pili, walipaswa kupokea ukarimu wa nyumba watakazoingia. Asiyebeba mkate hulazimika kubisha hodi. Tena, katika Injili ya Luka sura ya 22, usiku wa kuamkia mateso yake, Bwana anawauliza iwapo walipungukiwa na kitu walipotumwa hivyo, nao wanakiri kwamba hawakupungukiwa. Kisha anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Nyakati hubadilika, na busara ya safari ni kujua wakati upi ni upi. Padre anayewaambia vijana waende bila maji kwa sababu Mitume walikwenda bila mkoba hajaisoma Injili yote.

Hesabu ya kikundi

Kilo zinazozidi hutokana hasa na kila mtu kufungasha kama vile anasafiri peke yake.

Tuchukue kikundi cha vijana 24. Ikiwa kila nyumba itamfungia mtoto wake kilo moja ya sukari, kikundi kimebeba kilo 24 za sukari kwa siku tatu, kiasi ambacho kingetosha chai ya harusi. Kila mmoja akija na tochi, kuna tochi 24 usiku ambao tochi nane zingetosha. Kila mmoja akija na kipande kizima cha sabuni ya kufulia, dawa ya meno, kioo, pasi ya mkaa (tumesikia hata hiyo), uzito wa vitu vinavyojirudia hushinda uzito wa vitu vinavyohitajika.

Dawa yake ni kufungasha kwa makundi ya watu wanne au sita, na si kwa mtu mmoja mmoja. Kundi la sita huwa na sufuria moja kubwa yenye mfuniko, mwiko, kisu, kibiriti kilichofungwa vizuri kisilowe, sabuni mbili, tochi mbili, turubai na kamba. Turubai abebe mmoja, kamba na mambo za kupigilia ardhini mwingine, sufuria mwingine, na ndani ya sufuria hiyo uwekwe mchele au unga, kwa maana sufuria tupu ni mzigo wa hewa. Kesho yake wabadilishane. Aliyebeba sufuria leo, kesho abebe kibiriti.

Mikutano ya makundi hayo ifanyike wiki moja kabla, na ifanyike kwa kumwaga kila kitu mkekani. Kitu kikiwa mkekani mbele ya wenzake watano, mwenyewe hukitetea, na mara nyingi hushindwa kukitetea. Hapo ndipo pia huonekana bila aibu nani hana shuka na nani anazo mbili.

Juu ya hilo tungependa viongozi wetu wa parokia watusikilize. Miezi mizuri ya kutembea huku kwetu ni Juni hadi Septemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo fedha hazipo majumbani. Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba. Kabla ya hapo mkulima anahangaika na palizi na kupulizia mikorosho. Karatasi ya mahitaji ikidai begi la mgongoni, viatu vya michezo, fulana yenye nembo ya safari na godoro dogo, imekwisha kuwachagua watoto wa watumishi wenye mshahara. Tumeona fulana za safari zikigharimu kuliko chakula cha safari yenyewe. Kijana aliyefunga vitu vyake katika kitenge cha mama yake na kukivalisha mgongoni kama mtoto amefungasha vizuri kuliko mwenye begi la mikanda kumi. Kitenge kina uzito mdogo, hukauka upesi, usiku ni shuka, na mchana ni kivuli.

Maji hayapunguzwi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna ufundi wa kuibadili hesabu hiyo. Mtu anayetembea juani kutwa nzima huhitaji lita tatu au nne. Kwa kikundi chetu cha vijana 24, hizo ni kilo 72 au zaidi kila siku. Ndiyo maana tunasema vitu vingine vipungue: vinapisha maji.

Anayetoka bondeni na asidanganywe na vijito vya chini. Mto Lukuledi una njia yake hadi bahari ya Hindi kule Lindi, na chini ya miteremko ya uwanda, kama pale Ndanda, zipo chemchemi. Lakini uwanda wenyewe ni udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote, na maji huibuka chini kabisa kandokando ya miteremko. Vizazi kwa vizazi akina mama wa Kimakonde walishuka mteremko alfajiri na kupanda tena na mtungi kichwani, kazi ya nusu siku kwa maji ya siku moja. Hali ilianza kubadilika ulipoanzishwa mradi wa kusukuma maji kuyapandisha uwandani katika miaka ya 1950, na hata hivyo kuna vijiji ambako dumu la maji bado linauzwa. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini, na kinywa kimekauka.

Kwa hiyo kila mmoja abebe lita mbili zake mwenyewe, bila kumkabidhi mwingine. Chupa mbili za lita moja ni bora kuliko dumu moja la lita mbili, kwa kuwa hukaa pande mbili za mwili na ikipasuka moja ipo nyingine. Maji ya akiba ya kikundi yapakiwe kwenye baiskeli. Kabla ya siku ya safari mjumbe atumwe mbele kuulizia vituo vya maji, na jumuiya ndogondogo za njiani zijulishwe, ili isiwe kwamba watu 24 wanaingia ghafla kwenye kijiji na kukausha ndoo za wenyeji. Maji yasiyojulikana yachemshwe jioni na kupozwa usiku, au yatiwe vidonge vya kutibu maji, ambavyo uzito wake haufiki hata wa rozari.

Kila kundi liwe na sukari kidogo na chumvi kwa ajili ya dharura. Mtu akipatwa na kuharisha, na pakiti za chumvichumvi za hospitali hazipo, hutengenezewa maji yake kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazisha. Anakunywa kidogo kidogo huku wenzake wakimtafutia zahanati.

Vitu visivyoguswa

Wepesi una mipaka yake. Kijana mwenye pumu asiulizwe uzito wa dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu anahitaji maji zaidi ya wenzake na sweta kwa baridi ya usiku wa Julai uwandani, na kundi lake lipunguze kitu kingine ili apate nafasi hiyo. Wapo wanaotumia vidonge kila siku ambao hawapendi ijulikane, na hiyo ni haki yao. Basi kule mkekani kila mtu awe na kifuko kimoja kidogo kilichofungwa, kisichofunguliwa na mtu wala kuulizwa. Humo wasichana wataweka pia taulo za kike bila kutoa maelezo kwa mwenyekiti wa vijana.

Chandarua kisiachwe. Kinapokunjwa vizuri ni kama nusu kilo, na malaria ya kusini haina msimu wa mapumziko. Wawili wanaweza kulala chini ya kimoja. Vivyo hivyo kadi ya bima ya afya kwa mwenye nayo, na namba za simu za wazazi zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima.

Nguo hatutazichambua sana. Moja mwilini, moja ya kubadili, moja ya heshima kwa Misa, sweta, kofia au kanga ya kichwani. Viatu viwe vilivyokwisha kuuzoea mguu. Viatu vipya ni malengelenge. Kandambili kwa jioni. Blanketi zito la kilo mbili libaki nyumbani, na mahali pake pachukuliwe na shuka na kanga mbili juu ya sweta. Mkeka wa ukindu ni mwepesi kuliko godoro na haunyonyi umande. Wa mbele kabisa na wa nyuma kabisa katika mstari wavae nguo nyeupe alfajiri, na wote wapange mstari mmoja upande wa kulia wa barabara wakiyaelekea magari.

Kuhusu chakula, kumbukumbu ya Waisraeli jangwani inatosha: waliokusanya mana kuliko mahitaji ya siku waliikuta asubuhi imeoza. Huku kwetu karanga, korosho zilizobanguliwa na mihogo mikavu hubeba nguvu nyingi katika uzito mdogo. Mchele na mbaazi vichukuliwe kwa kiasi kilichohesabiwa. Mboga zinunuliwe njiani, ambapo shilingi itabaki kwa mama wa kijijini. Na wenyeji wakiwakaribisha ming'oko ya kuchemsha, ni vema kuketi na kula badala ya kusema tumebeba biskuti zetu.

Altare na spika

Misa katika kambi ndiyo moyo wa siku, na vitu vyake visipunguzwe hadi kukosa heshima. Kanisa hutaka, pale Misa inapoadhimishwa nje ya mahali patakatifu, pawepo meza inayofaa, kitambaa, korporale, msalaba na mishumaa. Vyote hivyo, pamoja na kalisi ndogo na patena, hostia za kuhesabu, chupa ndogo ya divai, stola, alba na kitabu cha Misa, huingia katika mfuko mmoja usiozidi kilo chache. Meza ipatikane hukohuko: shule na vigango vingi vinayo. Mfuko huo abebe mtu mmoja aliyeaminiwa kila siku, na usiwekwe chini ya sufuria.

Lililo gumu ni kwaya. Kila tunapozungumzia mizigo, kwaya huuliza habari za kinanda, spika mbili na jenereta. Tunaipenda kwaya. Lakini spika moja ya kawaida ni mzigo kamili wa mtu, jenereta ni mizigo miwili na mafuta yake ni wa tatu, na kikundi kikivichukua hulazimika kukodi gari. Gari likishakodiwa, kila mtu hukumbuka godoro lake. Safari ya miguu hugeuka kuwa safari ya gari ambayo watu wengine wanaifuata kwa miguu, na njia za mkato za kupandia uwandani, zilizo nzuri kuliko zote, haziwezekani tena. Ngoma ndogo na kayamba zinatosha. Sauti za watu 24 usiku, mahali pasipo na umeme, hufika mbali kuliko wanavyodhani wenyewe.

Hatukatai gari la dharura. Liwepo, likiwa tupu, likisubiri mahali panapojulikana kwa ajili ya mgonjwa.

Mizani na kijito cha Besori

Siku moja kabla ya kuondoka, mabegi yapimwe. Katika vijiji vyetu mizani si tatizo: chama cha msingi kinacho cha kupimia korosho, na nje ya msimu huning'inia bila kazi. Mlimani Kilimanjaro mizigo ya wapagazi wa watalii hupimwa langoni kabla ya kupanda, na kikomo kinachojulikana ni kilo 20, ingawa wale ni watu wazima waliozoea kazi hiyo na wanaolipwa. Mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, wana desturi ya kutozidisha sehemu ya kumi ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 50 hizo ni kilo tano. Kwa mtoto wa kilo 35 wa Utoto Mtakatifu ni kilo tatu na nusu, ambazo mbili zake tayari ni maji. Kwa kambi yenye kupika na turubai tunaona kijana mwenye afya anaweza kufikia kilo saba au nane, asizidi hapo. Kijana mwenye nguvu asipewe mzigo mkubwa kama adhabu ya nguvu zake. Mabega yenye afya leo yatahitajika pia kesho kutwa.

Kikundi kitakutana na siku ambayo mmoja hawezi. Amechubuka kisigino, au ana homa, au amechoka tu. Hapo hujaribiwa yote tuliyoyasema. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30, chasimulia kwamba Daudi alipowafuatia Waamaleki akiwa na watu 600, mia mbili walichoka wasiweze kuvuka kijito cha Besori, wakabaki wakilinda mizigo. Waliovuka waliporudi na nyara, baadhi yao walikataa kuwagawia waliobaki. Daudi akaamua kwamba fungu la aliyekaa penye mizigo liwe sawa na la aliyeshuka vitani, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli.

Tungeshauri kila kikundi kiamue jambo hili mapema kikiwa bado nyumbani. Vitu vya aliyechoka vigawanywe kwa wote, kidogo kidogo, si kwa rafiki yake mmoja. Mwendo upimwe kwa aliye wa mwisho. Akilazimika kubaki kwenye kigango cha njiani, abaki pamoja na mwenzake mmoja, mmoja wa wale wawili wawili wa Injili, na chakula kinachopikwa mbele kihesabu midomo yao pia watakapofika na pikipiki jioni. Kikundi chenye mizigo mizito hakiwezi kufanya hivi hata kikitaka, kwa kuwa hakuna bega lenye nafasi.

Misioni hii ya Lukuledi inayo kumbukumbu yake ya kuondoka mikono mitupu. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Askofu Kassian Spiss aliuawa tarehe 14 Agosti pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea bara. Siku chache baadaye misioni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na wamisionari wakakimbilia pwani kwa miguu. Mwaka uliofuata, 1906, misioni ya Ndanda ikaanzishwa. Kikundi kitakachopita hapa kina sababu ya kusimama kidogo, kutua mizigo, na kuwaombea wote waliokufa mwaka ule, wamisionari kwa wapiganaji wa Maji Maji, pamoja na wapagazi wasiotajwa.

Mwisho, habari za kurudi. Taka zote zirudi na waliozileta. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na karatasi za biskuti bado tunaziona chini ya mikorosho ya watu. Kiroba kimoja kitupu kwa kila kundi kinatosha. Na wakati wa kwenda, kila begi liachiwe nafasi ya kilo moja au mbili, kwa sababu wenyeji wa uwandani hawamwachi mgeni aondoke hivihivi: kutakuwa na karanga, kutakuwa na korosho za kubanguliwa kwa moto wa kuni, na pengine kuku mmoja aliyefungwa miguu, ambaye kundi litapaswa kuamua ni zamu ya nani kumbeba.